Nukta tisa za Tanzania hewani

Wakazi wa Nairobi wanaijua Kariobangi kwa karakana zake za jua kali. Mwanaredio wa Milano au Osaka ambaye hajawahi kukanyaga Kenya anaijua kwa mlio. Hapo ndipo kilipowekwa kituo chenye kitambulisho 5Z4B, kimojawapo cha vituo 18 vilivyotawanywa duniani kote ili kupima jinsi mawimbi mafupi yanavyosafiri siku hiyo, saa hiyo. Vituo vyote hutumia masafa yale yale, kuanzia megahezi 14.100, na hupokezana zamu. Kila kimoja kina sekunde kumi zake, na baada ya dakika tatu mzunguko huanza upya. Ndani ya sekunde hizo kumi kituo hujitaja kwa alama za Morse, kisha hutoa milio minne mirefu. Wa kwanza hurushwa kwa nguvu ya wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati moja, na wa nne sehemu moja ya kumi ya wati.

Msikilizaji huko aliko kazi yake ni kuhesabu. Akisikia mlio mmoja, anajua njia ya kuja Afrika Mashariki imefunguka kidogo. Akisikia miwili au mitatu, anawasha mtambo wake. Na zipo siku, hasa jua likiwa limechachamaa, ambapo hata ule wa nne, wenye nguvu isiyotosha kuwasha balbu ya tochi, huvuka bahari na kufika ukiwa mzima.

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wanaopewa leseni na serikali zao kuwasiliana kwa mitambo yao wenyewe, bila biashara, bila muziki, bila kuficha wanachosema, kwa ajili ya kujifunza na kufahamiana. Marekani peke yake ina zaidi ya laki saba wenye leseni hiyo. Sisi huku ni wachache mno, na wengi wa wanaosikika kwa vitambulisho vyetu ni wageni: daktari aliyekuja hospitali ya misheni, mtaalamu wa mradi, mtalii aliyebeba mtambo kwenye sanduku la nguo. Nawapenda wageni hao, na kadi zao za kuthibitisha mawasiliano ninazo. Lakini naandika makala haya kwa sababu naamini anga la Afrika Mashariki ni mojawapo ya maanga matamu kabisa duniani kwa kazi hii, na vijana wetu hawajaambiwa.

Mimi niliingia nikiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Tanga. Siku zile redio ya National ndiyo iliyoileta dunia nyumbani. Betri zilitengenezwa Dar es Salaam, na zikianza kuchoka tulizianika juani ili zisukume hadi taarifa ya habari ya jioni. Baba alisikiliza BBC na Sauti ya Ujerumani. Mimi nilivutwa na vilivyokuwa kati ya stesheni na stesheni: mikwaruzo, miluzi, na ile milio ya haraka iliyokuwa wazi kabisa kwamba kuna mtu nyuma yake, anasema jambo, na kuna mwingine anamwelewa.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa anamwelewa. Alitufundisha Morse kwa kugonga penseli juu ya meza baada ya vipindi, na alitukataza katakata kuhesabu nukta. Herufi, alisema, hujulikana kwa mdundo wake mzima, kama mtu anavyoitambua ngoma ya kwao kutoka mtaa wa pili kabla hajawaona wapigaji. Kwa hiyo CQ, mwito wa kumwita yeyote anayesikia, sikuujifunza kwa mistari na nukta. Niliujifunza kama taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa, na mpaka leo nikiusikia popote nageuka.

Kitambulisho cha Tanzania huanza na 5H. Tano ni nukta tano, H ni nukta nne. Maana yake kila mwanaredio wa Tanzania anapojitaja kwa Morse hufungua kwa nukta tisa mfululizo, na ni nafasi ndogo tu katikati inayotenganisha tano na nne. Mkono usiotulia huziunganisha, na wa upande wa pili huuliza tena. Nchi nyingi zina vitambulisho vyenye mchanganyiko wa marefu na mafupi. Chetu ni mvua ya nukta, na masikio ya wazoefu wa Ulaya na Asia huishtukia papo hapo. Kabla ya uhuru mambo yalikuwa tofauti: Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Kadi za zamani zenye herufi hizo bado zinatunzwa na wakusanyaji duniani kwa mapenzi makubwa.

Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003, Morse si sharti tena la kimataifa la kupata leseni ya mawimbi mafupi. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu ulifungua mlango kwa wengi waliokuwa wanakwama mtihanini. Hata hivyo kijana akiniuliza, nitamwambia ajifunze. Kwa wati tano na waya mmoja Morse hufika ambako sauti ya mdomo haifiki.

Sasa niseme utamu wa anga letu uko wapi. Wanaredio wengi duniani hukusanya nchi. Orodha yao inayoheshimika zaidi ina nchi na maeneo 340, na mtu anaweza kutumia miaka arobaini akiitafuta iliyobaki. Wengine hukusanya visiwa, na katika orodha yao Unguja ni AF-032. Mkazi wa Ujerumani akiita hewani Jumamosi, ni mmoja kati ya maelfu. Mkazi wa Tanga akiita, anatafutwa.

Jioni moja ya Jumamosi inatosha kukuonyesha. Unaita CQ mara moja na kutaja kitambulisho chako. Sekunde mbili za ukimya, halafu wanakuangukia wote kwa pamoja: Italia, Urusi, Hispania, Japani, mmoja wa Brazili anayesikika kwa mbali chini ya wengine. Hakuna neno linalosikika zima. Anayeanza huogopa na kuzima. Mzoefu hufumba macho na kukamata kipande. Umesikia “Kilo Lima”, yaani herufi K na L, mwishoni mwa kitambulisho cha mtu fulani? Mrudishie hicho hicho: “Kilo Lima, tano tisa.” Na hapo hutokea jambo ambalo hadi leo linanipa furaha. Mwenye Kilo Lima anajibu, na wengine wananyamaza. Makumi ya watu waliokuwa wanagombea nafasi moja, kila mmoja na mtambo wa gharama, wananyamaza kwa sababu mtu wa Tanga amesema zamu ni ya Kilo Lima. Wapo wasionyamaza, ni kweli, lakini husemwa. Unampa tano tisa, yaani nakusikia vizuri kabisa, naye anakupa yako, mnaagana kwa 73, ambayo ndiyo salamu ya kuagana tangu enzi za telegrafu, na unamchukua anayefuata. Wakizidi unawagawa. Unawaambia wasikuitie hapo ulipo, waite kilohezi tano juu, ili wakusikie vizuri wewe unapozungumza. Unasema sasa ni zamu ya Asia tu. Ulaya inasubiri.

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo Mswahili mwenye redio huishi na saa tatu kichwani. Muadhini anapokaribia kuadhini Magharibi ni saa kumi na mbili jioni, kwenye simu ni 18:00, na kwenye daftari ni 15:00. Saa hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Huku kwetu jua hutua haraka, na kwa muda mfupi milango ya mchana na ya usiku huwa wazi kwa pamoja. Megahezi 21 na 28 bado zinapiga Ulaya, ambako ni alasiri. Wakati huo huo megahezi 7 zinaamka upande wa mashariki, kwa sababu India, Indonesia na Japani tayari ni usiku. Mtu akiniita chakula cha jioni saa hiyo namwomba radhi mapema.

Anayeamua yote haya ni jua. Miale yake huchaji tabaka za juu za hewa, kuanzia takriban kilomita 60 kutoka ardhini hadi mamia ya kilomita juu, na tabaka hizo ndizo zinazoyarudisha mawimbi mafupi chini. Wimbi hupanda, hurudi, hudunda juu ya bahari, hupanda tena, mpaka limezunguka nusu ya dunia. Tabaka la chini kabisa huyameza mawimbi marefu zaidi mchana na kutoweka usiku. Ndiyo sababu stesheni za mbali za masafa ya kati husikika baada ya giza tu, jambo ambalo wazee wetu waliligundua kwa kutega sikio bila kuambiwa na mtu. Jua lenyewe nalo lina misimu. Kwa takriban kila miaka 11 madoa yake huongezeka, hufika kilele, kisha hupungua karibu kuisha.

Hapa ndipo mapenzi haya yanapokuwa ya maisha mazima. Mwenye kuanza ujanani huhesabu umri wake kwa vilele. Kile cha 1989 kilikuwa kikali: mnamo Machi mwaka huo dhoruba ya jua ilizima umeme jimbo zima la Quebec, Kanada, na megahezi 28 zilikuwa wazi kiasi kwamba wati chache zilikupeleka popote. Kikaja cha 2001. Halafu mwaka 2008 na 2009 jua lililala fofofo, na zilipita wiki bila kusikika chochote kwenye masafa ya juu. Wenzetu wengi waliuza mitambo wakidhani imeharibika au enzi imekwisha. Kilele cha 2014 kilikuwa hafifu. Cha 2024 kimetulipa fidia. Aliyevumilia anajua kwamba ukimya hautokani na mtambo wake, na kwamba jua litaamka.

Ugunduzi kwamba mawimbi mafupi yanafika mbali ulitoka kwa watu wa ridhaa. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo wakubwa wa kampuni na majeshi waliyaona hayana faida yoyote. Waliosukumwa wakaanza kuyachimba. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alikaa ndani ya hema kwenye baridi ya pwani ya Ardrossan, Uskoti, akazisikia stesheni za wenzake kutoka ng’ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell wa Connecticut, mmoja akiita na mwingine akijibu. Oktoba 1924 mkulima wa New Zealand, Frank Bell, aliwasiliana na mwanafunzi wa shule ya Mill Hill jijini London, Cecil Goyder, umbali wa zaidi ya kilomita 18,000. Dada yake Bell, Brenda, aliushika mtambo wa shambani baada yake na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza kutoka New Zealand kuwasiliana na Afrika Kusini kwa redio. Huyo Brenda ndiye ninayemtaja mbele ya wasichana wanaoniuliza kama haya ni mambo ya wanaume. Umoja wa kimataifa wa vyama hivi, IARU, uliundwa Paris tarehe 18 Aprili 1925.

Hewani hakuna cheo. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1 na alijitambulisha kwa jina lake tu, Hussein. Sultani Qaboos wa Oman alikuwa A41AA, na chama cha nchi yake kilianza mwaka 1972. Aliyewapata hewani aliwapa tano tisa kama anavyompa mwalimu wa shule ya msingi.

Huku chini ardhini kuna cheo cha jirani na cha mjumbe wa nyumba kumi. Antena ya megahezi 14 ni waya wenye urefu wa takriban mita 10, umekatwa katikati, na ya megahezi 7 ni mita 20. Minazi miwili inatosha kuifunga. Lakini waya ukionekana, maswali huanza. Zamani waliuliza kama ni ujasusi, siku hizi wanauliza kama unaiba intaneti. Dawa yake ni kuwatangulia. Nilimpelekea mjumbe nakala ya leseni kabla sijafunga chochote, nikamketisha, nikamvisha vipokea sauti masikioni, naye akamsikia mtu wa Bulgaria. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitetea. Usitumie waya wa shaba iliyo wazi, kwa sababu wezi wa shaba hawalali. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumba wenye ganda unafanya kazi ile ile. Masika yakianza, chomoa antena kabla hujaondoka nyumbani, maana radi haibishi hodi. Mtambo hutumia umeme wa volti 13.8, kwa hiyo betri ya gari na paneli ya sola vinatosha. Adui mkubwa mijini ni kelele: chaja za bei rahisi, balbu za LED na inveta za sola hurusha mikwaruzo inayoziba stesheni dhaifu. Nimetembea na redio ndogo mkononi mtaa mzima nikitafuta chaja moja.

Watu huuliza haya yana faida gani wakati kila mtu ana simu. Tarehe 26 Desemba 2004 kundi la wanaredio wa India likiongozwa na Bharathi Prasad lilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa kitambulisho VU4RBI. Walikwenda kuwapa wakusanyaji wa nchi nafasi ya kuzungumza na eneo lililokuwa adimu. Asubuhi hiyo ardhi ilitetemeka na bahari ikapanda. Mawimbi yale yale ya tsunami yalifika hadi pwani yetu, yakaua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Andaman simu zilikatika, na mitambo iliyoletwa kwa burudani ikawa njia ya kupeleka habari bara: nani yuko hai, nani anatafutwa, nini kinahitajika.

Kwetu pia mfano upo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na majirani wakabaki wanatazama simu zisizofungua au zinazofungua kwa shida. Siku mbili tu kabla, usiku wa Ijumaa, ilikuwa imeanza dhoruba kali ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003, nayo ilivuruga mawimbi mafupi Jumamosi nzima. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Lakini dhoruba ilipopungua, anga lilijirekebisha lenyewe bila meli ya matengenezo. Wilaya inayotegemea njia moja ya mawasiliano imejiweka rehani. Wazee waliofanya kazi vijijini wanaikumbuka simu ya upepo ya misheni na ya kituo cha polisi, na wanaelewa ninachosema.

Kama mawimbi mafupi yanaonekana ya kizee, tutazame juu zaidi. Setilaiti ya kwanza ya wanaredio wa ridhaa, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik, na kwa siku 22 ilizunguka ikitoa salamu ya herufi mbili za Morse, HI. Mwaka 1983 mwanaanga Owen Garriott aliwaita wenzake wa ardhini akiwa ndani ya chombo Columbia, na leo shule zinazoomba na kujiandaa huweza kuzungumza na walioko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa takriban dakika kumi, muda ambao kituo kinapita juu yao.

Lakini iliyo yetu hasa ni ile ya Qatar. Novemba 2018 ilirushwa Es’hail-2, na ndani yake kuna kipande walichopewa wanaredio wa ridhaa, kinachoitwa QO-100. Ni cha kwanza cha aina hiyo kukaa mahali pamoja angani bila kuhama, na kinaunganisha Brazili hadi Thailand, Ulaya yote na Afrika yote. Mahali hapo ni nyuzi 25.9 mashariki, juu ya ikweta. Chukua ramani uweke kidole: ni jirani kabisa na Kisangani. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Kisangani akitazama juu utosini, ndipo ilipo. Mwenzetu wa Norway analielekeza dishi lake karibu usawa wa upeo wa macho na kuhangaika na miti na milima. Sisi hatuna kizuizi chochote.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi, na kusikiliza huanza kabla ya kurusha. Mwenye simu na intaneti afungue kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambacho kimewekwa wazi kwa umma na kinasikia mawimbi yote mafupi. Kwa QO-100 kipo cha Goonhilly, Cornwall. Masikio yake yakishazoea, aende kwa mamlaka: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Nchi zote mbili zina vyama ndani ya IARU. Na shule yenye dishi la televisheni lisilotumika inayo tayari nusu ya kituo. LNB ya kawaida, yaani kile kichwa cha dishi, na kidude cha USB cha kupokea mawimbi, ukivifunga kwenye kompyuta ya maabara, vinatosha kuwasikia watu wa mabara matatu wakiongea. Kwa Dar es Salaam elekezeni magharibi, kaskazini kidogo, mkiliinua zaidi ya nyuzi 70. Kama ni lile la bati la duara la zamani litakuwa limelala karibu kutazama mbinguni, kwa hiyo toboeni tundu dogo sehemu ya chini, la sivyo mvua ya kwanza italijaza maji.